Mjusi Mwenye Riziki Baharini



Katika nyumba zetu za mwambao mjusi hana jina zuri. Yule mdogo mweupe apitaye darini na ukutani usiku tumemwita mjusi kafiri, na sababu yake twaijua: ni hadithi iliyopokewa kwa Ummu Sharik (R.A.) katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru auawe mjusi aitwaye wazagh, ambaye aliupuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahim (A.S.). Watoto wa madrasa huishika hadithi hiyo haraka kuliko nyingine nyingi, na hatushangai, kwani wameiona kuwa ni ruhusa ya kurusha mawe. Mzazi mmoja ametuandikia akiuliza kama ruhusa hiyo inamhusu kila mjusi, kwa sababu wanawe wakitoka chuoni hushuka pwani na kuwawinda wale wadogo weusi wanaokimbia juu ya mawe ya matumbawe.

Jibu la kifiqhi ni fupi. Wazagh ni aina maalumu ya mjusi, na hukumu yake haihamishiwi kwa kila chenye magamba na mkia. Wasomaji watakumbuka kuwa dhabb, mjusi mkubwa wa jangwani, aliandaliwa nyumbani kwa Bibi Maymuna (R.A.), Khalid bin Walid (R.A.) akamla mbele ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume hakumkataza, ila mwenyewe hakumla kwa kuwa hakuwa chakula alichokizoea katika nchi ya watu wake. Kama sheria imewatenganisha mijusi hivi, haifai sisi tuwaweke wote katika kapu moja. Zaidi ya hapo, kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea kumekatazwa waziwazi.

Lakini mtoto hashibi kwa hukumu peke yake. Anataka kujua kile anachokatazwa kukipiga ni kitu gani. Kwa ajili hiyo tumeona safari hii tuwapeleke wasomaji mbali na kwetu, kwa mjusi mwingine wa pwani ambaye wataalamu wamemchunguza kwa miaka mingi, kisha turejee katika Bahari yetu ya Hindi.

Visiwa vya Galápagos ni milki ya Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini. Vimo katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka bara, na mstari wa Ikweta unavipitia. Asitegemee mtu kuona huko minazi na mchanga mweupe kila aendako. Visiwa vimetokana na volkano, na sehemu kubwa ya pwani yake ni mawe meusi, makali kama chupa iliyovunjika. Na ingawa viko Ikweta, maji yake ni ya baridi kwa muda mwingi wa mwaka, kwa sababu mkondo wa Humboldt huyaleta kutoka kusini na mkondo mwingine huyapandisha kutoka vilindini. Ubaridi huo ndio unaostawisha mwani, na mwani ndio riziki ya mnyama wetu.

Huyu ni iguana wa baharini. Ni mjusi mkubwa mweusi mwenye safu ya miiba kutoka shingoni hadi mkiani, uso butu, kucha ndefu, na mkia uliobapa wa kuogelea. Ukubwa wake hufuata kisiwa alichozaliwa: huko Genovesa dume hukaribia kilo moja tu, ilhali Isabela na Fernandina huweza kuzidi kilo 10. Katika mijusi wote walio hai leo, ndiye pekee ambaye maisha yake yote yanategemea malisho ya baharini. (Kuhusu kuliwa kwake, ambalo tunajua ndilo swali litakalofuata, hatuna haja ya kufungua vitabu: sheria za Ecuador zinamlinda, na hakuna msomaji wetu aliye karibu naye.)

Mwaka 1835 Mwingereza Charles Darwin alifika huko kwa meli iitwayo Beagle. Jina lake huamsha mjadala mwingine ambao si wa leo. Hapa tunamchukua kama shahidi wa alichokiona kwa macho yake. Alimkamata iguana mmoja, akamtupa mbali katika dimbwi lenye kina lililoachwa na maji yaliyokupwa. Mjusi akaogelea moja kwa moja mpaka pale aliposimama mtu aliyemtupa. Akamtupa tena, naye akarudi tena. Darwin akafikiri kuwa huenda mnyama huyu hana adui nchi kavu, bali adui wake ni papa. Kwa hiyo kila apatapo hofu hukimbilia ufukweni, hata ikiwa kinachomtisha kimesimama ufukweni hapohapo. Tunawaomba wasomaji waishike habari hii, kwa maana tutaihitaji huko mbele.

Kina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani watamwelewa mjusi huyu haraka kuliko wasomi wengi, kwa kuwa saa yake ni maji kupwa na maji kujaa. Majike na wadogo hungoja miamba ifunuliwe, wakashuka kuukwangua mwani kwa meno yao madogo, wakawahi kupanda kabla maji hayajarudi. Siku za bamvua hupata uwanja mpana. Siku za maji mafu hupata kidogo. Madume wakubwa, ambao ni wachache, hawangoji: hupiga mbizi na kula chini ya maji. Kwa kawaida mbizi yao ni ya dakika chache tu, ila wamewahi kuonekana kina cha mita 30 hivi, na mwenye nguvu huweza kukaa chini zaidi ya nusu saa.

Tatizo ni baridi. Damu ya mjusi haina moto wake wenyewe. Hufuata joto la mahali alipo. Anapoingia baharini akiwa amepata jua la kutosha, mwili wake una nyuzijoto karibu 36, na akikaa majini hupoteza nyingi miongoni mwa hizo. Ndiyo maana wadogo hawapigi mbizi, kwani mwili mdogo hupoa upesi. Akitoka hupanda juu ya jiwe jeusi lililopata moto, akajilaza kifudifudi miguu ameitandaza, na usiku hulala wamelundikana mmoja juu ya mwenzake. Chumvi anayoimeza pamoja na chakula nayo imewekewa njia yake: tezi zilizo juu ya macho huichuja kutoka kwenye damu, naye huipiga chafya kupitia puani. Chafya hiyo humrudia na kukauka kichwani, hata mzee wa iguana huonekana kama amevaa kofia nyeupe iliyochujuka.

Sasa tuje kwenye uzazi, ambao kwa mnyama huyu ni jambo zito.

Majira yake huanza mwezi Desemba hivi, yakitofautiana kidogo kisiwa kwa kisiwa. Madume hubadilika rangi. Wale wa kisiwa cha Española huwa wekundu wenye kijani kiasi kwamba mgeni hudhani ni mnyama mwingine. Kila dume mkubwa hujitwalia kipande cha mwamba, pengine cha mita chache tu, akakilinda kwa wiki nyingi. Hutikisa kichwa kumwonya jirani. Jirani asiposikia, husukumana vichwa kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja mwembamba. Mapigano haya aghalabu hayaui. Kinachomla dume ni njaa, kwa sababu mwenye kulinda kipande chake hawezi kwenda kulisha, na siku zinavyopita hukonda waziwazi. Majike hupita wakiangalia, na jike ndiye mwenye kuchagua. Kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika msimu mzima. Tumewahi kusikia wahadhiri wakilichukua jambo la namna hii na kulifanya somo la ndoa. Sisi hatuoni haja. Wanadamu wana Kitabu na Sunna, na mjusi ana maumbile yake.

Baada ya wiki kama tano jike huuacha mwamba na kutafuta mchanga au majivu laini ya volkano, wakati mwingine mamia ya mita kutoka ufukweni. Huko huchimba tundu la kina cha sentimita 30 hadi 80. Mayai yake ni kati ya moja na sita, na mara nyingi ni mawili au matatu. Wasomaji wa Mafia na Pemba wamlinganishe na kasa, ambaye kwa usiku mmoja hutaga mayai mia na zaidi akarudi majini. Iguana hana wingi huo wa kuupoteza. Lakini kila yai lake ni kubwa, urefu wake hufika sentimita 9, na mayai yote pamoja huweza kuwa robo ya uzito wa mama. Fikirini mama wa kilo mbili aliyebeba nusu kilo ya mayai, akachimba kwa kucha juani, akiwa amekula kidogo tu. Si ajabu kwamba majike wengi hawatagi kila mwaka. Hupumzika mwaka mzima au zaidi mpaka mwili ujengeke.

Na akishafukia, hatoki papo hapo. Mahali pa kutagia ni pachache katika nchi ya mawe, na jike anayechelewa huweza kuchimba palepale alipotaga mwenziwe, akayatoa mayai ya mwanzo na kuyatupa juani. Kwa hiyo mama hukaa juu ya tundu siku kadhaa, akifungua kinywa na kumkabili kila anayekaribia, jike dogo kwa kubwa. Hapo ndipo majike hupigana, na wanaoandika habari zao husema hupigana kwa ukali kuwashinda madume. Hatimaye njaa humwita, naye hushuka baharini. Watoto hatawaona.

Mayai hukaa mchangani miezi mitatu hadi minne. Yanapoanguliwa, majira ya baridi na ya mwani mwingi yanakaribia, nalo si jambo dogo: mtoto wa gramu 50 au 60 hawezi kuanza maisha kwenye sahani tupu. Kwanza lakini avuke kutoka kwenye mchanga hadi kwenye miamba. Huko Fernandina nyoka huwangoja kwa makundi, na mwewe wa Galápagos huwangoja angani. Aliyevuka hula kinyesi cha wakubwa, jambo ambalo watoto wa nyumbani watalicheka, nao waachwe wacheke. Kisha waelezwe kuwa kwa njia hiyo hupata vijidudu vya tumboni ambavyo bila hivyo mwani haumeng'enyeki. Tafadhali vikumbukeni vijidudu hivi.

Jambo moja la pembeni limetupendeza mno kuliacha. Iguana ni bubu. Hawaitani kwa sauti. Lakini katika visiwa hivyo kuna ndege mdogo ambaye akimwona mwewe hutoa mlio maalumu wa kuwaonya wenziwe. Watafiti walicheza mlio huo kwa kinasa sauti karibu na iguana, nao wakainua vichwa, na wengine wakakimbia. Asiye na sauti amejifunza kusikiliza lugha ya jirani yake.

Mnyama huyu amezoea dhiki. Kila baada ya miaka kadhaa bahari ya huko huingiwa na joto, hali iitwayo El Nino. Jina hili halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Tanzania au Kenya aliyekuwa na akili zake mwaka 1997 na 1998, mvua zilipobomoa madaraja na kuzamisha mashamba. Hali ileile iliyotuletea sisi maji kupita kiasi iliwaletea iguana njaa. Maji yakipata joto, mwani wanaoula hufa na mahali pake huota mwingine wasioweza kuumeng'enya. Wanakufa matumbo yakiwa yamejaa. Katika miaka mibaya, visiwa vingine vimepoteza zaidi ya nusu ya mijusi wake.

Wanaobaki hufanya jambo ambalo hapo awali halikudhaniwa kuwezekana kwa mnyama mzima mwenye uti wa mgongo: hufupika. Mwaka 2000 Martin Wikelski na Corinna Thom walieleza katika jarida la Nature kwamba iguana waliopimwa mwaka hadi mwaka walipungua urefu wa mwili, wengine kwa asilimia 20, na kwamba upungufu huo ulikuwa mkubwa mno kuwa wa nyama tu. Mifupa yenyewe ilikuwa imepungua. Mwili mfupi huhitaji chakula kidogo, na waliofupika zaidi ndio walioishi zaidi. Mwani uliporudi, walirefuka tena. Subhanallah. Mwenye kuwahakikishia viumbe riziki zao ameweka pia namna ya kuingoja riziki inapochelewa.

Basi mnyama mwenye stahamala kiasi hiki anahatarishwa na nini, hata Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi ukamweka katika orodha ya walio mashakani? Anahatarishwa na vitu ambavyo bahari haikumzoeza navyo, na karibu vyote vimeletwa na watu.

Kwanza ni paka, mbwa, panya na nguruwe walioshuka kutoka melini na kuzagaa. Nguruwe na panya huharibu mayai, paka humvizia mtoto, na mbwa waliogeuka wa mwituni kisiwani Isabela walijulikana kwa kuwaua hata wakubwa. Hapa ndipo tunapoihitaji ile habari ya Darwin. Kiumbe aliyerudi kwenye miguu ya aliyemtupa hajui kukimbia mbwa. Watafiti walipopima umbali ambao iguana huanza kumkimbia mtu anayemsogelea, walikuta kuwa hata akishawahi kusumbuliwa, tahadhari yake huongezeka kidogo tu, isivyotosha kumwokoa. Anaweza kuipunguza mifupa yake, lakini hofu hakuwekewa ya kutosha. Jike aliyekaa juu ya tundu lake kulinda mayai matatu ndiye wa kwanza kukamatwa, kwa sababu amekataa kuondoka.

Pili ni mafuta. Januari 2001 meli ya mafuta iitwayo Jessica ilikwama karibu na kisiwa cha San Cristóbal, ikamwaga dizeli na mafuta mazito. Upepo na mikondo ikayapeleka mengi mbali na pwani, wanyama waliokufa siku zile wakawa wachache, na watu wakamshukuru Mungu kwamba msiba umepita. Haukuwa umepita. Katika mwaka uliofuata, asilimia 62 ya iguana wa kisiwa cha Santa Fe walikufa, ilhali Genovesa, ambako mafuta hayakufika, hapakuonekana vifo kama hivyo. Mafuta yaliyobaki pwani yalikuwa kidogo. Watafiti walidhani kuwa yaliwaua vile vijidudu vya tumboni, vile ambavyo mtoto huvichukua kwenye kinyesi cha wakubwa, na iguana wakafa njaa kwenye malisho yaliyojaa.

Habari hii imetukaa moyoni kuliko nyingine zote za mjusi huyu. Kwa wasioamini kuwa inatuhusu, ipo ya karibu zaidi. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba kusini-mashariki mwa Mauritius, katika bahari hii hii yetu, na mwezi wa Agosti ikamwaga kiasi cha tani 1,000 za mafuta. Mbele ya pwani hiyo kuna visiwa vidogo vyenye mijusi adimu. Wahifadhi hawakusubiri waone kama watakufa mwaka unaofuata. Waliwakusanya baadhi yao na kuwasafirisha kwa ndege hadi kisiwa cha Jersey, huko Ulaya, wakae salama na wazaliane. Miongoni mwao alikuwamo mjusi wa Bouton, wa jamii iitwayo Cryptoblepharus.

Jamii hiyo ndiyo ya yule mdogo mweusi aliyetajwa katika barua ya mzazi wetu. Wa kwetu ni mwembamba, ana michirizi ya rangi ya shaba mgongoni, na anapatikana kwenye mawe ya matumbawe kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Maji yakikupwa hushuka kutafuta wadudu na vijikamba vidogo, maji yakijaa hurudi kwenye nyufa, na hutaga yai moja au mawili tu. Hula mbele ya mawimbi yaleyale yanayopokea oili chafu ya mashine za boti zetu. Fundi anayebadilisha oili ufukweni ana dumu tupu mkononi, lile lile lililoleta oili mpya. Kuirudishia humo ile chafu na kuipandisha juu ni kazi ya dakika tano. Tumezungumza na wavuvi wawili watatu kuhusu hili. Mmoja alituambia kuwa bahari ni kubwa. Tulimsimulia habari ya Santa Fe, akanyamaza, kisha akauliza dumu likishajaa alipeleke wapi, na kwa kweli hilo ni swali ambalo wenye mamlaka wa bandari ndogo hawajamjibu. Tunalipeleka kwao kupitia ukurasa huu.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu swali la paka wanaozaliana katika eneo la msikiti, ambalo limetufikia kutoka kwa wasomaji watatu wasiokubaliana hata kidogo.

Wabillahi tawfiq.